Midway kwa Miwani ya Uhalisia Pepe: Uchague Kiti Kipi, na Chombo Kipi

Anayetaka kuyapitia mapigano ya Midway, ya Marekani na Japani mwaka 1942, kwa miwani ya uhalisia pepe (VR) ana mambo mawili ya kuchagua, na wengi huchagua moja tu. Hushughulika na chombo, yaani miwani ipi, kompyuta ipi, programu ipi na kwa bei gani, kisha hukaa katika kiti chochote walichopewa na kuanza kufyatua. Kwa maoni yangu kiti ndicho kinachotangulia. Kila kiti katika mapigano yale kiliona vita yake: mtu aliyekuwa mita 6,000 juu ya bahari na mtu aliyekuwa mita 30 juu ya mawimbi walishambulia kundi lile lile la meli, asubuhi ile ile, na aghalabu wa juu ndiye aliyerudi. Kwa hiyo nitaanza na viti ndipo nije kwenye vyombo, na kipimo changu kwa vyote kitakuwa kimoja: je, kinakulazimisha utafute kabla hakijakuruhusu kupiga? Midway ilikuwa vita ya kutafutana baharini kwa macho na kwa mafuta yaliyohesabiwa, na yule anayeruka moja kwa moja hadi kwenye mabomu amekosa sehemu kubwa ya kilichotokea.

Tukio lenyewe, kwa ufupi, lilikuwa hivi. Miezi sita baada ya kushambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, Japani ilituma meli zake kwenda kukiteka kisiwa cha Midway, kijipande cha matumbawe kilichoko takriban kilomita 2,100 kaskazini-magharibi mwa Honolulu. Admeri Yamamoto Isoroku alitumaini kwamba shambulio hilo lingezivuta meli za kubeba ndege za Marekani zitoke zipigwe, naye Nagumo Chuichi akatangulia na meli nne za aina hiyo: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu. Kumbe huko Hawaii kikosi cha wavunja msimbo kilichoongozwa na Joseph Rochefort kilikuwa kimekwisha kusoma sehemu za mawasiliano ya siri ya Wajapani. Ili wahakikishe kwamba mahali palipoitwa “AF” ni Midway, Wamarekani walitangaza redioni, bila kuficha, kwamba mtambo wa maji ya kunywa wa kisiwa umeharibika; baada ya muda mfupi Wajapani wakaarifiana kwamba AF ina upungufu wa maji. Admeri Chester Nimitz akaziweka meli za kubeba ndege Enterprise, Hornet na Yorktown kaskazini-mashariki mwa kisiwa zisubiri, hiyo Yorktown ikiwa imetoka kutiwa viraka kwa siku tatu tu baada ya kuumizwa mwezi Mei katika mapigano ya Bahari ya Matumbawe.

Kwetu sisi wa Mombasa habari hii haiko mbali kama inavyodhaniwa. Mwanzoni mwa Aprili 1942, Akagi, Soryu na Hiryu zilikuwa katika Bahari ya Hindi. Ndege zake zilishambulia bandari za Sri Lanka, Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, zikazizamisha meli za kivita Cornwall na Dorsetshire pamoja na meli ya kubeba ndege Hermes, na Waingereza wakalazimika kuzirudisha meli zao nyingine hadi Kilindini. Wavunja msimbo wa Kiingereza waliokuwa Colombo walihamishiwa huku huku kwetu, wakafanyia kazi katika majengo ya shule ya Allidina Visram, yanayotazama bahari. Miezi miwili baadaye meli tatu zilizowasukuma Waingereza hadi bandari yetu zilikuwa chini ya Pasifiki. Nikiwafundisha vijana sura hii ya historia huwa naanzia hapo, na ndiyo iliyonifanya nianze kuyatafuta mapigano haya katika miwani.

Kiti cha kwanza, na ambacho watu wengi watakitaka, ni cha rubani wa Dauntless, ndege ya Kimarekani iliyoangusha mabomu kwa kupiga mbizi. Ilibeba watu wawili na bomu ambalo lingeweza kufika kilo 450 hivi. Rubani alifika juu ya shabaha akiwa na mwinuko wa mita 6,000 au karibu na hapo, akafungua breki za mbawa zilizotobolewa matundu mengi kama kichungio, kisha akaielekeza pua chini kwa pembe ya digrii 70. Kuanzia hapo hadi kuliachia bomu, chini ya mita 600, zilipita takriban sekunde 40. Uhalisia pepe unafaa mno kwa sekunde hizi, kwani pembe ya digrii 70 ikiwa kwenye skrini bapa ya televisheni ni picha tu, ilhali ndani ya miwani mwili wenyewe unakaza na mikono inatafuta pa kushika. Kingine ambacho skrini haikupi ni ukubwa. Akagi ilikuwa na urefu wa mita 260, lakini ukiitazama kutoka mita 6,000 haizidi njiti ya kibiriti iliyovunjwa ikashikwa kwa mkono ulionyooshwa. Njiti hiyo inakimbia na kujipinda, nawe umeambiwa uipige.

Hata hivyo sekunde 40 si asubuhi nzima. Kundi la Enterprise lililoongozwa na Wade McClusky liliondoka kuelekea kwa adui kama saa 1:45 asubuhi kwa saa za Midway. Saa 3:20 lilifika mahali ambapo meli za Nagumo zilitarajiwa kuwa, likakuta maji matupu. Mafuta yalikuwa yakipungua na baadhi ya ndege zilikuwa zimekaribia kufika kikomo cha kuweza kurudi, lakini McClusky aliamua kuendelea kutafuta. Karibu saa 3:55 akaiona meli moja ya Kijapani ikienda mbio peke yake. Ilikuwa Arashi, iliyobaki nyuma kuitupia mabomu ya majini nyambizi ya Kimarekani Nautilus na sasa ikirudi kwa wenzake. Akaufuata mwelekeo wake. Ilipofika saa 4:22 hivi ndege zake zilianza kupiga mbizi, na bila kupangwa wakati mmoja, zile za Yorktown zilizoongozwa na Max Leslie zikawa zimefika kutoka upande mwingine. Ndani ya dakika tano au sita Kaga, Akagi na Soryu zilikuwa zimepata majeraha yasiyoponyeka. Akagi ilimalizwa na kikundi cha ndege tatu tu, cha Dick Best, ambaye aliona karibu wenzake wote wakiishukia Kaga akageuza mbizi yake. Basi programu inayokuanzishia moja kwa moja juu ya Akagi saa 4:22 imekupa jibu bila kukupa swali. Ukikuta hiyo ndiyo iliyopo, itumie, ila ujue umeruka saa mbili na nusu za kutazama maji.

Kiti cha pili ni cha Devastator, ndege ya kuachia torpedo, yaani kombora linalokwenda ndani ya maji, na hiki napendekeza kila mtu akikalie angalau mara moja kabla ya kile cha kwanza. Iliundwa kwa watu watatu, ingawa Midway ilibeba wawili, na ilikwisha kupitwa na wakati. Torpedo yake ilitakiwa kuachiwa karibu kabisa na maji, kwa mwendo wa chini ya kilomita 200 kwa saa, na kwa mstari ulionyooka. Sasa piga hesabu: meli ya Kijapani inakukimbia kwa kilomita 55 kwa saa, nawe unaifuata kwa 185, kwa hiyo pengo baina yenu linapungua kwa kilomita 130 tu kwa saa, ambao ni mwendo wa gari dogo linaloharakisha barabara ya Nairobi. Kama uliiona ukiwa kilomita 15 nyuma yake, una dakika karibu saba za kwenda moja kwa moja bila kukwepa, huku ndege za Kijapani za Zero zinazoweza kuzidi kilomita 500 kwa saa zikikujia na kuondoka zinavyotaka. Kikosi cha nane cha torpedo kutoka Hornet, chini ya John Waldron, kiliingia hivyo bila ndege za kukilinda. Ndege zote 15 zilianguka, na kati ya watu 30 waliokuwemo aliyenusurika ni mmoja, George Gay, ambaye alielea majini akijificha chini ya mto wa kiti chake mpaka ndege ya boti ilipomwokota kesho yake.

Tofauti ya viti hivi viwili ni kubwa kuliko tofauti ya miwani yoyote miwili. Dauntless inakupa woga mfupi na matokeo. Devastator inakupa woga mrefu usio na matokeo, na ndio uliowapata wengi zaidi asubuhi hiyo. Tena, hakuna Devastator hata moja iliyohifadhiwa katika makumbusho yoyote, kwani zinazojulikana zilipo zimo chini ya bahari, kwa hiyo uhalisia pepe ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuingia ndani yake. Lakini kuna sharti. Michezo mingi hukurudisha hai kila unapouawa, na ukikalia Devastator kwa utaratibu huo umejidanganya, maana mara ya nne utakuwa umekwisha kujua Zero zinatoka wapi. Panga safari ya uhai mmoja. Ukianguka, vua miwani, unywe maji, na usirudi siku hiyo.

Kuhusu ndege za mapigano, nitasema machache. Zero ilikuwa nyepesi na hodari wa kona, haina bamba la kumkinga rubani wala tangi linalojiziba likitobolewa. Wildcat ya Kimarekani ilikuwa nzito na ngumu. Siku ile Jimmy Thach alikuwa na Wildcat sita tu za kulinda kikosi cha torpedo cha Yorktown, akatumia kwa mara ya kwanza vitani mbinu yake ya ndege mbili kupishana kama anayesuka ukili, kila moja ikimfukuza adui aliye nyuma ya mwenzake. Ni kiti kizuri kwa anayependa kushindana na marafiki, na mbinu hiyo inaeleweka haraka mno ukiwa na miwani kwa sababu unamfuata mwenzako kwa shingo. Lakini ukikaa humo utajifunza kuruka zaidi ya utakavyojifunza Midway.

Kiti cha nyuma cha Dauntless, cha mpiga rashasha, watu hukisahau, nacho kimenigusa kuliko vyote. Mtu huyu alikaa akitazama nyuma. Wakati wa mbizi alikuwa kama aliyelala chali, anaona anga na moshi wa mizinga, haoni shabaha. Nilipokaa humo kwa mara ya kwanza, katika chumba kimoja cha michezo ya video hapa mjini, niliketi kwenye kiti cha plastiki cheupe kilichofungwa kamba kwenye mguu wa meza ili kisiteleze. Nilikuwa nikihangaika kukigeuza kiti kizima nione tunakokwenda. Kijana anayesimamia chumba akanigusa bega: “Mwalimu, kiache kiti. Geuza shingo tu, na huko mbele hutaona kitu, ndivyo kilivyo.” Alikuwa sahihi. Niliona mkia wa ndege, mbingu, na ndege ya mwenzetu ikianza kushuka juu yangu kana kwamba inaniangukia.

Kiti cha mwisho hakimo angani. Ndani ya maghala ya Akagi, tangu saa 1:15 asubuhi, mafundi walikuwa wakibadilisha torpedo kwa mabomu ya nchi kavu kwa amri ya Nagumo, na baada ya ndege ya upelelezi kuripoti kuwa imeona meli za Kimarekani, amri ikageuzwa. Silaha zikabaki zimerundikwa karibu na ndege zilizojazwa mafuta. Anayetaka kuelewa kwa nini bomu moja liliimaliza meli kubwa namna ile angepaswa kutembea ndani ya ghala hilo, na simuleta za kuruka, yaani programu zinazoiga urushaji wa ndege, hazimpi nafasi hiyo, kwani zinaionyesha meli kwa nje tu. Kazi ya namna hii inataka uhalisia pepe wa kutembea, kama ule wa kituo cha wageni cha Pearl Harbor unaomruhusu mtu kupita juu ya sitaha ya meli ya kivita Arizona kama ilivyokuwa kabla ya kulipuliwa. Kwa Akagi, kwa sasa, soma maelezo na michoro yake kwanza ndipo upande ndege.

Sasa vyombo. Cha bei nafuu kabisa ni simu uliyonayo ndani ya kasha la kadibodi lenye lenzi mbili, wazo lililoenezwa na Google tangu mwaka 2014, ukitazama video za pande zote. Gharama ni ndogo na bando ndilo litakalokuuma. Upungufu wake ni kwamba kasha linajua umegeuza kichwa kwenda wapi, ila halijui kama umeinama au umesogea. Katika chumba cha rubani jambo hili ni kubwa. Rubani wa Dauntless aliinama kuweka jicho kwenye darubini ya kulengea, na wakati mwingine darubini hiyo iliingia ukungu ndege iliposhuka kutoka baridi ya juu hadi kwenye hewa yenye unyevu, ikambidi apinde kichwa atazame kwa nje. Ndani ya kadibodi huwezi kufanya hata moja kati ya hayo. Linafaa kumwonjesha mwanafunzi kwa dakika tano, na darasa lenye watoto 40 linaweza kupokezana.

Daraja la pili ni miwani inayojitegemea, yenye kompyuta yake ndani. Meta Quest 3S ilianza kuuzwa mwaka 2024 kwa dola 299, na Quest 3 mwaka 2023 kwa dola 499. Mpaka ifike Mombasa au Dar es Salaam ongeza usafiri na ushuru. Hizi zinajua kuinama na kusogea, na hazihitaji waya. Lakini simuleta nzito za ndege za vita haziendeshwi na miwani peke yake, kwa hiyo kwa Midway miwani hii ni nusu ya kifaa, nusu nyingine ni kompyuta utakayoiunganisha kwa waya au kwa Wi-Fi. PlayStation VR2, ya mwaka 2023, ilianza kwa dola 549 na hutumika na PlayStation 5. Tangu mwaka 2024 kuna kifaa cha kuiunganisha na kompyuta kinachouzwa kando. Mwenye PlayStation tayari anaweza kushawishika, lakini kama lengo lako ni mapigano haya, nakushauri uihesabu kama miwani ya kompyuta, na kwa hesabu hiyo Quest 3 ina urahisi zaidi.

Kompyuta ndiyo inayokula fedha. Kadi ya picha inapaswa kuchora kila kitu mara mbili, jicho la kulia na la kushoto, angalau mara 72 kwa sekunde, na ikishindwa kufikia idadi hiyo wa kwanza kujua ni tumbo lako. Kwa uzoefu wangu kompyuta inayofaa inagharimu zaidi ya miwani, na ndiyo sababu kukodi kwa saa katika chumba cha michezo kuna akili kwa anayetaka kuonja tu. Ukinunua mwenyewe, weka kando kiasi cha fimbo ya kuongozea ndege, hata ya bei ndogo. Kuruka kwa vidhibiti vya mkononi vilivyokuja na miwani ni kama kupiga kasia kwa kijiko.

Katika programu, War Thunder ndiyo inayokaribia zaidi. Ni ya bure kuanza, inakubali miwani kwenye kompyuta, ina uwanja wa Midway, na ndani yake zimo Dauntless, Devastator, Wildcat, Zero na ndege za Kijapani za mbizi na za torpedo. Ikiwekwa katika utaratibu wake wa simuleta, alama zinazoelea juu ya adui huondoka na unatazama kutoka ndani ya chumba cha rubani, ambavyo ndivyo tunavyotaka. Kasoro zake ni mbili: safari ni ya dakika, si ya saa, na ndege zake hazikuundwa zote kwa undani sawa, kwa hiyo kagua ndani ya ndege unayoitaka kabla hujaipangia safari.

DCS World inaishinda kwa uzito wa uigaji: kila swichi ina kazi yake, na kutua kwenye meli kunakutoa jasho. Ina Corsair, ndege ya vita vya Pasifiki, pamoja na meli ya kubeba ndege ya aina ya Essex. Lakini Corsair iliingia vitani Februari 1943, na Essex yenyewe ilipokelewa jeshini siku ya mwisho ya mwaka 1942, kwa hiyo vyote viwili havikuwapo Midway. Kama unachotafuta ni hisia ya kuruka na kutua kwenye meli, chukua DCS na usijali tarehe. Kama unatafuta tarehe 4 Juni 1942, asubuhi ya Midway yenyewe, hapa utakuwa mgeni. IL-2 ya mfululizo wa Great Battles nayo inapendeza ndani ya miwani, ila vita yake ni ya Stalingrad, Kuban na Normandy. Ile IL-2 ya zamani ya 1946 ndiyo yenye meli na ndege za Pasifiki, nayo haikuundiwa miwani. Kuna pia Microsoft Flight Simulator, isiyo na risasi hata moja. Inakubali miwani na ina dunia nzima, Midway ikiwemo. Ruka kutoka uwanja wa kisiwa hicho kuelekea kaskazini-magharibi kwa saa moja na nusu, mawingu yakiwa yametawanyika, halafu geuka ukitafute kisiwa kwa macho bila ramani. Hakuna adui, na bado ndiyo iliyonifundisha alichofanya McClusky kuliko ile yenye mabomu.

Jambo moja la kiufundi linapaswa kukuongoza katika kununua, nalo ni jinsi kitu cha mbali kinavyoonekana. Mbawa za Zero zilikuwa na upana wa mita 12. Ikiwa kilomita 3 mbali nawe, inachukua chini ya robo ya digrii moja ya macho yako. Quest 3 inatoa takriban pikseli 25, yaani nukta 25 za picha, kwa kila digrii, kwa hiyo Zero hiyo ni pikseli 6 hivi, kipunje cha vumbi. Jicho zima la binadamu huona kwa ukali wa kama pikseli 60 kwa digrii. Miwani ya zamani yenye ukali mdogo huifuta ndege hiyo kabisa, nawe utashawishika kuziwasha alama zile zinazoelea, na ukiziwasha umeacha kutafuta. Kwa sababu hiyo, fedha za ziada zipeleke kwenye ukali wa picha kabla ya kitu kingine chochote. Lenzi safi nazo zina kazi: mafuta ya uso wa mtu aliyetangulia yanatosha kuficha kikosi kizima, kwa hiyo katika chumba cha kukodi daima futa kwanza.

Wenye kusafiri wana njia ya tatu. Meli ya USS Midway, iliyopewa jina la mapigano haya na kuanza kazi Septemba 1945 vita ikiwa imekwisha, ni makumbusho huko San Diego tangu mwaka 2004. Kisiwa cha Ford ndani ya Pearl Harbor kina makumbusho ya ndege. Huko Pensacola, Florida, makumbusho ya anga ya Jeshi la Wanamaji yana Dauntless iliyopigana Midway yenyewe, ikarudi, ikatumiwa kufundishia, ikaanguka ndani ya Ziwa Michigan na kuopolewa miaka mingi baadaye. Simuleta za makumbusho mara nyingi ni za muda mfupi na zimeandaliwa kwa familia, lakini zile zenye jukwaa linalotikisika zina faida ambayo huwezi kuipata nyumbani: sikio na jicho vinaambiwa habari moja. Ukilazimika kuchagua kati ya simuleta ya makumbusho na kusimama robo saa mbele ya ndege halisi, simama mbele ya ndege. Chuma chake chembamba kitakufuata ndani ya miwani utakaporudi nyumbani.

Kuhusu kichefuchefu, usijikaze. Mbizi ya digrii 70 ni ngumu kwa anayeanza, na kiti cha nyuma ni kigumu zaidi. Siku ya kwanza ruka sambamba kwa dakika kumi, feni ikikupulizia usoni, na uache mara tu mate yanapoanza kujaa mdomoni. Meta inataka mtoto awe ametimiza miaka 10 na Sony 12. Kwa mada hii mimi ningesubiri zaidi, kwa kuwa hapa walikufa Wajapani 3,057 na Wamarekani 307, na mtoto hana budi kuambiwa hivyo kabla ya kuvishwa miwani.

Basi kwa mwalimu asiye na bajeti: kadibodi, ramani ya Pasifiki ubaoni, na simulizi ya “AF”. Kwa anayeweza kukodi saa mbili: War Thunder kwa utaratibu wa simuleta, saa ya kwanza Devastator kwa uhai mmoja, ya pili kiti cha nyuma cha Dauntless. Kwa anayenunua: Quest 3, kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, fimbo, na Microsoft Flight Simulator pamoja na War Thunder, moja kwa umbali na nyingine kwa moto. Corsair ya DCS iache hadi mwaka wa pili.

Na ukishaliachia bomu, usivue miwani. Ndege nyingi za Enterprise zilizopiga mbizi asubuhi ile ziliishiwa mafuta njiani zikatua majini, na mchana kutwa kulikuwa bado na Hiryu, ambayo ndege zake ziliipiga Yorktown mara mbili kabla nayo haijachomwa jioni, karibu saa 11. Mara ya tatu nilipokwenda kwenye kile chumba nilichagua mafuta ya dakika chache tu, nikapiga mbizi, nikakosa, nikageuka kurudi. Mawingu yalikuwa mengi upande wa mashariki. Kila kivuli cha wingu juu ya maji kilikuwa na umbo la meli mpaka nilipokikaribia. Injini ilikohoa mara mbili, kikawa kimya cha upepo, na bado nilikuwa nikitazama kushoto, kulia, kushoto. Kijana akaniuliza kama anianzishie upya. Nikamwomba asubiri kidogo, nilikuwa bado naitafuta.